Maneno Yaliyochapwa Chini ya Uso wa Mama

4 Februari

Mama mdogo,

Kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu kama kawaida yangu: maneno yaliyochapwa kwenye ile lebo uliyonitumia si ya mama. Ni yangu. Sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Sasa, shikamoo. Sisi hatujambo. Mdogo wangu kang'oka jino la mbele, anapiga mluzi kila akitaja sukari, na anaitaja makusudi. Mama angekusalimu kama angejua nakuandikia. Ukijibu, tuma kwa anwani ya shule kama ulivyofanya, mwalimu wa maktaba hunikabidhi bahasha bila kuuliza. Simu hapa ni moja, na mama husoma kila kinacholia ndani yake.

Umeniandikia kwamba uliikuta lebo hiyo dukani, huko uliko, imening'inizwa kwenye gauni, ukapiga ukelele hadi muuzaji akadhani umechomwa na pini. Uso wa dada yako! Tena anacheka! Na chini yake, kwa lugha ya huko: "Kiwandani kwetu mlango uko wazi siku zote, na tunashona kwa furaha." Ukauliza mambo mawili. Dada kasema hivi kweli? Na mbona pindo la gauni si mkono wake, yeye humalizia uzi kwa kurudi nyuma mara tatu, na huyu karudi mara moja akakimbia?

Nakujibu.

Mwaka jana mwezi wa sita, Bwana Tabasamu alikuja shuleni kwetu. Yule yule meneja wenu wa zamani, ambaye hucheka hata anapomfukuza mtu kazi. Kampuni inayonunua nguo ilikuwa inaleta wakaguzi, nao walitaka mkalimani asiye mwajiriwa wa kiwanda. Mwalimu mkuu akanitaja mimi, kwa sababu ya alama zangu za lugha. Mimi, mama mdogo! Mimi ambaye nikiitwa ubaoni hutamani kuwa chaki.

Tulipokuwa garini akaniambia, meno yote nje: "Mama yako yuko mashine ya kumi na saba. Mikono ya dhahabu ile. Sasa, wakaguzi wakiondoka na huzuni, oda inaondoka nao, na mimi nitaanza kupunguza watu kuanzia namba kumi na saba. Tunaelewana, binti?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeshamwamkia shikamoo, halafu nikasema ndiyo.

Wanawake waliitwa mmoja mmoja. Wengi walisema hatujambo, tunashukuru. Kisha akaingia mama. Aliponiona nimekaa kati ya wakaguzi alinyoosha mgongo kama anayepimwa urefu. "Leo nina mtu wa kunisemea," akasema. Akasema yote. Wale wengine walinyamaza kwa kuwa hawakumwamini mkalimani. Yeye alisema kwa kuwa mkalimani alikuwa mimi.

Nikawageukia wakaguzi. Nikasema: mlango uko wazi siku zote, na tunashona kwa furaha.

Wakaandika, wakatabasamu. Mama alipowaona wanatabasamu akajua wamesikia, naye akatabasamu. Hapo ndipo picha ilipopigwa.

Baada ya wiki tano pasi iliachwa juu ya marobota ghalani. Moshi. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula. Mama alilishika kufuli lenyewe, limeshakuwa kaa la moto, akalipinda kwa ubao wa kukatia mpaka likang'oka na misumari yake. Wote walitoka. "Hakufa mtu," Bwana Tabasamu alirudia hivyo wiki nzima, kana kwamba ni zawadi kutoka kwake. Mkono wa kulia wa mama, vidole vitatu havikunjiki tena. Alipewa barua ya kumwachisha kazi na kitambaa cha kumfungia. Ndiyo maana pindo si lake. Tulikubaliana tusikuambie.

Lililo baya zaidi ni hili. Majirani wakija, mama husema: "Wale wakaguzi hawana utu. Niliwaambia, na mwanangu aliwaambia vizuri, kwa lugha yao. Hawakujali tu." Kila akisema hivyo mimi nakwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nataka kisasi, mama mdogo. Sikitaki kile cha kumwachia Mungu. Nataka Bwana Tabasamu alie mbele za watu na nijue kwamba ni mimi.

Na jambo moja ambalo mama hajawahi kunijibu: wewe uliondoka kiwandani kwa nini, bila kuaga hata mashine yako?

Mwanao,
Kimya

27 Februari

Mwanangu Kimya,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Karakana yetu ya viraka inaendelea. Tuko kumi na wawili. Watu wanatuletea nguo zilizochanika badala ya kuzitupa, tunazishona, na Jumamosi tunawafundisha kushona vifungo. Unajua kuna watu wazima, na vyeo vyao, hawajui kushona kifungo? Siku zilizobaki tunawasumbua wenye maduka: nguo hii kaishona nani, kwa saa ngapi, na maji ya rangi yamemwagwa wapi? Mkubwa wetu ni kikongwe mmoja tunayemwita Bibi Kiraka. Ana fimbo, na haimsaidii kutembea, kazi yake ni kugonga kaunta.

Nimesoma barua yako nimesimama. Nikaisoma tena nimekaa. Miezi saba mnaniandikia hatujambo, hatujambo! Mkono ule ndio ulionifundisha mimi kutunga uzi kwenye sindano, na mnaona ni siri ya kunificha? Umwambie mama yako nini, sijui. Usimwambie kitu. Bado nina hasira, nitaandika vibaya.

Wewe unataka niseme sikulaumu. Nikisema sikulaumu hutaniamini, una akili. Nakulaumu kidogo. Lakini lawama ina foleni yake, na wewe uko nyuma kabisa, hata dirishani hujafika. Mtu mzima aliyemtia mtoto garini na kumtisha kwa mkate wa mama yake yuko mbele. Na walionunua uwongo ule kwa bei rahisi wakauchapa kwenye kadi nzuri isiyochanika, wako bega kwa bega naye. Gauni lenyewe, nikuambie, linachanika kwenye kwapa baada ya kufuliwa mara nne. Lebo itadumu kuliko nguo.

Unataka kisasi. Vizuri. Mimi pia. Tena nakitaka kwa namna ambayo Bibi Kiraka ameniambia ninywe maji kwanza. Lakini kisasi ni kama suti, kisipopimwa kinamkaa mtu mwingine. Kwa hiyo usifanye lolote. Usimguse, usiguse gari lake. Nakufahamu, nyinyi wanyamavu ndio wa kuogopwa.

Kitu kimoja tu. Umesema dada alisema yote. Niandikie alichokisema, neno kwa neno, kwa lugha zote mbili. Usipambe, usipunguze.

Swali lako la mwisho sikulisoma vizuri, wino ulikuwa umefifia.

Mama yako mdogo

20 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Pole na goti. Mdogo wangu jino linaota, limeota upande. Mama anajifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto na anasema supu ndiyo inayomfundisha adabu. Jana alikaa kwenye cherehani yake ya nyumbani, akaifuta vumbi, akaifunika tena.

Wino haukufifia. Niliandika kwa kalamu mpya.

Umechelewa kunionya. Nilikuwa nimekwisha kununua pini arobaini na mbili, zile za washonaji zenye vichwa, nizipange kwenye kiti cha gari lake ncha zikiwa juu. Huliegesha gari mbele ya shule yetu akija kumchukua binti yake. Siku tatu nimesimama pale na pini mfukoni. Siku ya tatu aliniona, akashusha kioo, akasema, "Aa, mkalimani wangu! Mama hajambo?" Nami nikajibu hajambo. Nilijibu! Nilirudi nyumbani nikauma mto.

Nakutumia hizo pini. Ziondoke hapa kabla sijazitumia.

Haya ndiyo aliyoyasema mama. Sihitaji kuyakumbuka, huwa yananijia yenyewe nikipiga mswaki. Kwa lugha yetu ni hivi, na kwa lugha ya huko nimeyaandika nyuma ya karatasi:

"Mlango wa nyuma hufungwa kwa kufuli tangu tunapoingia hadi tunapotoka. Ufunguo anao msimamizi, na msimamizi akienda kula huenda nao. Mwenzetu alizimia kwa joto, tukampitisha juu ya mashine kama mzigo, mlango ukiwa hatua nne. Tukiomba maji tunaambiwa maji yanaleta choo. Rangi inayobaki mikononi hatujui ni ya nini, na maji yake yanamwagwa mtaroni, na mtaro unapita mbele ya shule ya watoto wetu. Sisemi haya ili kiwanda kifungwe. Nasema ili mlango ufunguliwe. Kazi naipenda. Andikeni kwamba kazi naipenda."

Basi. Ni sentensi tisa. Nilizigeuza kuwa moja.

Ukifanya lolote, uso wake usiutumie. Sijamwomba ruhusa. Kumwomba ni kumweleza, na kumweleza siwezi. Nimejaribu mara nne. Mara ya nne nilifika hadi "Mama, unakumbuka siku ile ya wakaguzi?" akanikatiza: "Nitasahau vipi? Ulikaa pale kama waziri!"

Kimya

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilizunguka, mhuri wake una miji mitatu. Pini zilifika, bahasha imetoboka kama chekeche.

Kaa chini nikusimulie.

Tulichapa lebo. Ukubwa ule ule, karatasi ile ile, kamba ile ile. Mahali pa uso tuliacha mraba mweupe, mtupu. Chini yake maneno ya dada yote, kwa lugha ya huko, kama ulivyoyageuza. Mwanamke mmoja hapa karakana anayejua lugha kuliko wote alisema huyu aliyetafsiri ni mtu wa shule. Nikasema ndiyo, ni mtu wa shule.

Jumamosi duka lilikuwa linazindua magauni mapya ya "haki na mazingira", ndivyo walivyoandika dirishani. Tuliingia mmoja mmoja, kila mtu na lebo mfukoni. Bibi Kiraka akachukua gauni la saizi ya mjukuu wake, akaingia chumba cha kujaribia, na baada ya dakika moja: "Nimekwama! Uwii, nimekwama! Njooni, jamani, mkono mmoja umeingia shingoni!" Wauzaji wote wakakimbilia huko. Mlinzi naye. Akawaambia wasimvute, ana mifupa ya zamani. Robo saa, Kimya! Alitoka mle jasho linamtiririka, akanunua soksi.

Sisi tulikuwa tumemaliza. Pini arobaini na mbili, gauni arobaini na mbili. Pini zako hizo. Ulitaka zimchome, basi zimemchoma.

Mteja wa kwanza aliisoma kimya. Wa pili aliisoma kwa sauti. Wa tatu aliipiga picha, na mpaka jioni watu nisiowajua walikuwa wananitumia mimi maneno ya dada yangu mwenyewe, wakiniuliza kama nimeyaona.

Jumatatu kampuni ikatangaza inasitisha kazi na kiwanda hicho. Hapo ndipo tulipokasirika kweli. Wakikimbia, wanaoadhibiwa ni wale walioungua. Siku sita tulisimama mlangoni pao na sentensi mbili tu za dada: Sisemi haya ili kiwanda kifungwe. Nasema ili mlango ufunguliwe. Bibi Kiraka alizigonga kwa fimbo kama wimbo. Siku ya saba wakakubali. Watabaki, na wanaleta wakaguzi wapya huko kwenu, watakaa wiki kadhaa, pamoja na mkalimani wao wenyewe. Watawaita wote waliokuwepo siku ile. Na wewe.

Mvuliwa nguo huchutama. Nilikuwa nadhani ni methali ya aibu. Siku hizi naiona tamu, naitafuna kama karanga.

Kuhusu kuondoka kwangu, hayo tutayazungumza tukionana.

Mama yako mdogo

19 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Wote hatujambo, na safari hii ni kweli kiasi.

Wito umekuja, barua mbili kwenye bahasha moja. Mimi naitwa tarehe mbili Juni. Mama ataitwa baadaye, tarehe hawajaandika. Mama amefurahi mpaka ameazima pasi. Anadhani wananihitaji mimi kukalimani.

Nikifika pale nitasema. Nimeshaamua. Nikizimia, mjue nilikuwa nimeamua.

"Tutazungumza tukionana" si jibu. Mara ya mwisho tulionana nikiwa na miaka tisa.

Kimya

3 Juni

Mama mdogo,

Leo sitaanza na salamu, utaona kwa nini.

Walikaa kwenye chumba kile kile. Wakaguzi wawili, mwanamume mwenye daftari na mwanamke mwenye miwani, na katikati ya meza simu, mkalimani wao akisikika kutoka humo kama mtu aliye ndani ya kopo. Bwana Tabasamu alikuwa kwenye kona yangu, kwa kuwa uongozi wa kiwanda una haki ya kusikiliza. Walisema akae mbali. Alikaa karibu.

Niliwaambia. Nilikuwa nimejifunza kwa moyo, kwa lugha yao, nisimpitie mkalimani. Nikasema mwaka jana mimi ndiye niliyekalimani, na nilidanganya, na nikaeleza kwa nini, na garini niliambiwa nini. Nilisema nikitazama kopo la kalamu.

Ndipo Bwana Tabasamu alipoinama sikioni mwangu, kwa lugha yetu, taratibu ili simu isinase: "Binti, mama yako bado anasubiri malipo ya mkono. Faili liko mezani kwangu."

Na mimi, mama mdogo, nikawageukia wakaguzi, nikasema kwa sauti, kwa lugha yao: "Bwana meneja anasema mama yangu bado anasubiri malipo ya mkono, na faili liko mezani kwake."

Kalamu ya yule mwanamume ikasimama, kisha ikakimbia.

"Unafanya nini?" akaninong'oneza.

"Anauliza ninafanya nini."

"Nyamaza, nilikuwa nakutania!"

"Ananiambia ninyamaze, alikuwa ananitania."

Yule mwanamke alishika miwani yake ili asicheke. Mimi sikucheka. Nilikuwa natafsiri. Kazi ile aliyoniitia mwaka mzima uliopita, nilikuwa naifanya sasa vizuri, bila kupamba, bila kupunguza. Kila alichofungulia mdomo nilikitoa mezani kikiwa na damu yake. Alitokwa na jasho juu ya mdomo. Meno yalianza kuingia ndani, moja moja, mpaka nikauona uso wake bila tabasamu. Ni uso wa kawaida kabisa. Nilitaka uwe wa kutisha.

Halafu akasema, na safari hii hakunong'ona: "Haya, watafsirie na hili. Kufuli silo langu. Ufunguo wa kwanza kabisa wa mlango ule aliushika mama yako mdogo. Miaka mitatu. Muulize alikuwa wapi siku mwenzao alipozimia."

Walinitazama wakisubiri.

Ningeweza kuliacha. Simu ilikuwa inakoroma, mkalimani anauliza kasema nini, kasema nini. Sentensi moja tu. Nimeshawahi kuacha tisa.

Nililitafsiri. Lote, na miaka mitatu.

Wakauliza kama ni kweli. Nikasema sijui, nitamuuliza.

Yaliyobaki nakupa kwa kuwa ni haki yako, umeyalipia kwa pini. Yule mwanamke alisimama akasema tukauone huo mlango, sasa hivi. Bwana Tabasamu akasema ratiba inasema kesho. Yule mwanamke akarudia, sasa hivi. Tukatembea katikati ya mashine. Baada ya moto wameweka mlango wa chuma, na kufuli jipya jekundu. "Fungua," akaambiwa. Akamwita msimamizi. Msimamizi amekwenda kula, mama mdogo. Na ufunguo.

Hakuna aliyecheka. Mashine zilizimwa moja baada ya nyingine, bila mtu kuamuru, mpaka ukasikia feni. Mwanamke mwenye miwani akasema hatoki pale mpaka mlango ufunguke. Fundi naye hakuwepo. Basi Bwana Tabasamu alivua koti, akapewa bisibisi, akapiga magoti, akaanza kufungua bawaba mwenyewe, skrubu moja moja, wanawake sitini wakimtazama mgongo. Alichukua muda mrefu. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemharakisha. Mlango ulipolala chini, mmoja nyuma akasema, "Kimya kingi kina mshindo," na wote wakanigeukia, nikatamani tena kuwa chaki.

Nilipata nilichokitaka. Nimelala nacho usiku kucha na hakijanishibisha, kwa sababu yako.

Ni kweli?

Kimya

24 Juni

Kimya, mwanangu,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Ni kweli.

Nilipandishwa usimamizi na nikapewa ufunguo, nikaambiwa ni kwa sababu ya wizi wa uzi. Niliuvaa shingoni. Nilipenda ulivyogonga kwenye kifungo nikitembea, watu walinyooka wakisikia. Siku ile mwenzao alipozimia nilikuwa nimekwenda kula. Nilikuja kuitwa, nikasema namalizia. Nilimalizia, mwanangu. Nilikunywa na chai.

Niliporudi walikuwa wamekwisha kumpitisha juu ya mashine. Mama yako ndiye aliyeshika kichwa chake. Alinitazama mara moja, akamgeukia tena mwenzake. Wiki ile nikaondoka na ufunguo shingoni, na wao wakachonga mwingine siku hiyo hiyo.

Uliponiandikia maneno yake niliyaona. "Msimamizi akienda kula huenda nao." Mbele ya wakaguzi, mbele ya Tabasamu, na bado hakunitaja. Lebo zile niliziandika mimi kwa mkono kabla hazijachapwa. Kikulacho ki nguoni mwako, basi mimi nilikishona mara arobaini na mbili.

Nilikusukuma nyuma ya foleni ili usione nani kasimama pale mbele.

Ufunguo ndio huo, nimeufunga kwenye kitambaa. Fanya utakalo.

Mama yako mdogo

12 Julai

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimeisema, isomeke hivyo.

Jino la mdogo wangu limenyooka lenyewe. Bwana Tabasamu hayupo tena kiwandani, wanasema amehamishwa, wengine wanasema amefukuzwa. Juzi nilimkuta nje ya shule, kwa miguu, akimsubiri binti yake kivulini. Akaniona. Akasubiri nimwamkie, kama ninavyomwamkia kila mtu mzima tangu nijue kusema. Nikapita. Sikumwamkia. Nilisikia anageuka kunitazama na nikatembea polepole makusudi, hatua kwa hatua, ili achelewe kumaliza kuliona jambo hilo. Hicho ndicho kilichonishibisha. Si mlango. Niandikie kama mimi ni mtu mbaya.

Wewe sijakusamehe. Nimekutoa mbele ya foleni, hapo kuna mwenyewe. Nimekuweka karibu na mimi, tusukumane huko nyuma. Lakini ufunguo sitaufanyia kitu, na hautarudi kwa posta. Utakuja kuuchukua mwenyewe, umpe mama mkononi, mkono wa kushoto. Hilo ni lako. Mimi nina langu.

Langu ni leo. Kesho mama anaitwa kuhojiwa na kusaini malipo ya mkono. Wana maelezo yangu kwenye faili, watamsomea. Tangu asubuhi anatembea chumbani kwake akijizoeza: "Kama nilivyowaambia mwaka jana..." Anakohoa, anaanza tena. "Kama nilivyowaambia mwaka jana, na kama binti yangu alivyowaeleza..." Ananisema kwa kujidai hadi ukutani nasikia. Wageni wamejua kabla yake. Mlinzi wa kiwanda amejua kabla yake. Nimeandika barua tano kwa mtu wa mbali, na yeye yuko hatua nane.

Saa tisa na nusu sasa. Mdogo wangu yuko nje na mpira. Nimetoa ile lebo yako ya kwanza, yenye uso wake. Nilikuwa nimeifungia ndani ya jalada la daftari la hesabu. Nimeiangalia upya. Anacheka kweli pale, mama mdogo. Anacheka kwa sababu yangu. Lugha iliyo chini yake mama hajui kuisoma, kwa hiyo nimefikiri njia moja ya mtu kama mimi, asiyeweza kuanza sentensi. Nitaiacha mezani. Ataiokota, atajiona, atashangaa. Kisha ataniambia, kama anavyoniambia kila karatasi ya hospitali na kila boksi la dawa: nisomee. Na mimi nikiambiwa kusoma, nasoma.

Amenyamaza chumbani. Kandambili hizo. Anaburuta wa kulia kidogo, sijui kwa nini, mguu haukuungua. Anakuja kuniuliza kama blauzi ya kesho imenyooka.

Ukurasa huu nauficha, nimeshaliinua daftari niusukume chini yake. Lebo iko mezani, uso juu.